Mguu Sawa: Lugha ya Kwata na Lango la Jeshi katika Historia ya Tanzania

Mtaalamu wa sarufi akipita asubuhi kando ya uwanja wa shule ya msingi, Vingunguti au penginepo jijini Dar es Salaam, wakati wanafunzi wanapopangwa mistari, atasikia tungo ambazo vitabu vyetu vya sarufi havijazishughulikia ipasavyo. Kiranja huita "Mguu sawa!" na mamia ya watoto hubana visigino. Huita "Mguu pande!" nao hutanua miguu. Huita "Nyuma geuka!" na uwanja mzima hugeuka. Amri hizo ndizo zinazosikika katika viwanja vya Jeshi la Wananchi, Jeshi la Kujenga Taifa, Polisi, Magereza na Skauti. Wazungumzaji wamezizoea kiasi cha kutoona ugeni wake.

Ugeni huo upo, nao unastahili kutazamwa kwa makini kabla ya kuingia katika historia yenyewe. "Mguu sawa" haina kitenzi, haina kiambishi cha nafsi, wala haisemi ni mguu wa nani. Katika "Nyuma geuka" kielezi kimetangulia kitenzi, kinyume cha mazoea ya lugha. Sababu yake ni ya kiutendaji. Amri ya kwata ina sehemu mbili: ya kwanza humwonya askari ajiweke tayari, kisha huja kimya kifupi, na ya pili ndiyo itekelezwayo. Tungesema "Geuka nyuma", kila mtu angekuwa amekwisha kuanza kugeuka kabla ya kujua upande. Lakini jambo lililo muhimu zaidi kwa mhadhara huu ni lile lisilotamkwa. Kiswahili kina kiambishi tamati -ni kwa ajili ya kuwaamuru wengi: njooni, kaeni, geukeni. Katika kwata kiambishi hicho hakipo. Kombania nzima huambiwa "geuka", kana kwamba ni mtu mmoja.

Hoja yangu ni kwamba sarufi hiyo inatufunulia jambo ambalo waandishi wa historia ya majeshi yetu hawakulitilia mkazo wa kutosha. Katika nchi nyingine mafunzo magumu kabisa ya kijeshi yamekusudiwa kuchuja watu. Wanaoanza ni wengi, wanaobaki ni wachache, na ugumu wenyewe ndio chujio. Kwetu, kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, ugumu wa uwanjani ulikusudiwa kuwafinyanga wote waliokwisha kuingia wawe kitu kimoja. Mchujo ulifanyika mapema zaidi, langoni, na kigezo chake kilibadilika kila utawala ulipobadilika. Kwa hiyo anayetaka kujua nani alichaguliwa kuwa askari, na kwa nini, asianzie uwanjani. Aanzie langoni, na awatazame pia waliorudishwa.

Nifafanue tofauti hiyo kwa mifano miwili ya mbali. Kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza kijulikanacho kama SAS huwapeleka watahiniwa wake katika milima ya Brecon Beacons huko Wales, na jaribio la mwisho la sehemu hiyo ni mwendo wa takriban kilomita 64 wenye mzigo mgongoni, utakaokamilishwa kwa saa 20. Wanamaji wa Marekani wa kikosi cha SEAL huwa na juma moja ambalo mtahiniwa hulala kwa jumla ya saa chache tu katika siku tano na nusu, akiwa majini, mchangani na kwenye tope. Aliyeshindwa hahojiwi. Huenda kwenye kengele ya shaba, akaigonga mara tatu, akaondoka. Tuzingatie hilo: kuondoka hakuhitaji neno hata moja, na ni hiari ya mtu mwenyewe. Chujio lina tundu la kutokea. Askari wa kikoloni wa Afrika Mashariki hakuwa na kengele ya namna hiyo. Akishatia kidole gumba, kuondoka kabla ya muda wake kuliitwa utoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai.

Majeshi ya kisasa katika pwani yetu yanaanza mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipotumwa na Ujerumani kuuzima upinzani ulioongozwa na Abushiri bin Salim. Wissmann hakuwatafuta askari wake katika nchi aliyokuja kuipiga. Aliwachukua Wasudani waliokuwa wametumika katika jeshi la Misri, na wengine kutoka kusini mwa Msumbiji, waliojulikana kwa jina la Wazulu. Kikosi hicho kilifanywa kuwa jeshi rasmi la koloni mwaka 1891. Wasudani wakaja na msamiati wa vyeo wa jeshi la Misri, ambao wenyewe ulikuwa wa Kituruki: ombasha, shaushi, sol, na efendi. Vitatu vya mwanzo vimetoweka pamoja na jeshi lenyewe. Cha nne kinaishi hadi leo, kwa umbo la "afande". Kijana wa Vingunguti anayemwita polisi wa barabarani "afande" ili asamehewe kosa la pikipiki anatumia neno lililosafiri kutoka Istanbul hadi Kairo, likashuka Bagamoyo likiwa mdomoni mwa askari wa kukodiwa.

Waingereza nao waliunganisha vikosi vyao vya kanda hii mwaka 1902, wakaunda King's African Rifles, ambalo watu waliliita KAR. Hapa ndipo lango lilipowekwa kwa makusudi. Maofisa wa Kiingereza waliamini kwamba yapo makabila yaliyozaliwa kupigana na mengine yaliyozaliwa kulima au kuchuuza. Wakamba, Wakalenjini, Waacholi, Wahehe na Wakurya waliwekwa katika kundi la kwanza. Msajili aliangalia kimo, akapima kifua, na mara nyingi alipendelea asiyesoma kuliko aliyesoma, kwa dhana kwamba kisomo huzaa ubishi. Watu wa pwani hawakuwa miongoni mwa waliopendelewa. Likatokea jambo la ajabu kidogo, nalo linatuhusu sisi wa taaluma hii: jeshi lililozungumza Kiswahili halikuwataka Waswahili. Wazaramo, ambao Vingunguti ni sehemu ya ardhi yao ya asili, walikuwa na lugha ya jeshi hilo kabla halijaundwa, lakini hawakuhesabiwa kuwa watu wa bunduki.

Walihesabiwa, hata hivyo, kuwa watu wa mizigo. Vita vya 1914 hadi 1918 vilihitaji wapagazi wengi mno, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa kubebea na barabara hazikuwapo. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilitoholewa na wenyeji likawa Kariakoo. Gari litokalo Vingunguti kwa njia ya Buguruni na kuishia Kariakoo linaishia, kwa maana hiyo, kwenye kumbukumbu ya watu ambao lango la jeshi liliwafungia mlango wa mbele na kuwafungulia wa uani. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya jiji mwaka 1927 inamwonyesha mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa katika maandishi ya chini yake, lakini hana sura.

Watu waliobaki nje hawakukaa kimya, na hapa lugha yenyewe inatoa ushahidi. Tunasema "kucheza gwaride". Gwaride ni neno la Kiingereza lililoswahilishwa, lakini kitenzi ni chetu, na ni kitenzi cha ngoma. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, alionyesha jinsi watu wa pwani tangu miaka ya 1890 walivyounda vyama vya ngoma vyenye vyeo, sare na maandamano ya kijeshi. Vyama mashuhuri kupita vyote viliitwa Marini na Arinoti. Baada ya vita hivyo vya kwanza beni ilienea Tanganyika nzima, ikibebwa na askari waliorejea na wapagazi waliookoka. Wapo waliodhani kwamba huko kulikuwa kumuiga mzungu tu. Sikubaliani nao. Katika beni mtu aliyekataliwa langoni aliweza kuwa jenerali. Nidhamu ya mistari, sare na amri aliichukua, akamwachia mkoloni mchujo wake. Isitoshe, chama kilikuwa na ushindani wa mashairi, na kwa hiyo askari wa beni alikuwa na jambo ambalo askari wa KAR alinyimwa: nafasi ya kujibu.

Ndani ya KAR Kiswahili kilichozungumzwa kiliitwa KiKAR. Mungai Mutonya na Timothy Parsons walikichunguza katika makala yao ya mwaka 2004. Kilikuwa Kiswahili kilichopunguzwa viambishi, upatanisho wa ngeli ukiachwa na vitenzi vikibaki katika umbo la kuamuru au la kitenzijina. Kosa la kawaida la wasomi wa Kiswahili sanifu ni kukicheka. Kwa ofisa aliyetoka Uingereza akiwa na miezi michache ya kujifunza, na kwa kuruta aliyetoka kijiji kisichojua Kiswahili, lugha hiyo ilitosha kwa yale waliyotakiwa kuyafanya pamoja. Askari wa KAR walipigana nayo huko Uhabeshi mwaka 1941 na Burma mwaka 1944. Lakini ni lugha iliyojengwa ili iende upande mmoja. Ndani yake unaweza kuambiwa lala, amka, chimba, beba, piga. Ni vigumu sana kusema ndani yake kwamba mshahara hautoshi, na kwamba kwa kuwa nchi imepata uhuru, wewe uliyetumika miaka kumi unaona ni haki ofisa wako awe mwananchi mwenzako.

Jambo hilo lilisemwa kwa njia nyingine usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964. Wakati wa uhuru, vikosi vya KAR vilivyokuwa Tanganyika vilibadilishwa jina vikaitwa Tanganyika Rifles. Kikosi cha kwanza kilikaa Dar es Salaam katika kambi ya Colito, cha pili Tabora katika kambi ya Kalewa. Majina yenyewe yanasema mengi. Colito ni mahali pa Uhabeshi ambapo KAR walipigana mwaka 1941, na Kalewa ni mji wa Burma waliouteka mwaka 1944. Nchi ilikuwa huru, ilhali kambi zake zilikumbuka ushindi wa mfalme mwingine. Maofisa wazalendo walikuwa wachache mno. Mmoja wao, Alexander Nyirenda, aliyefunzwa katika chuo cha Sandhurst, ndiye aliyepandisha mwenge na bendera kwenye kilele cha Kilimanjaro Desemba 1961, na picha yake ilitufanya tudhani kwamba jeshi limekwisha kuwa letu. Askari wa Colito walijua zaidi. Waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza, wakawasafirisha kwenda Nairobi, wakadai waondoke moja kwa moja na mshahara upande kutoka shilingi 105 hadi 260 kwa mwezi. Tabora ikafuata.

Serikali iliomba msaada wa Uingereza. Alfajiri ya tarehe 25 Januari makomandoo wa kikosi cha 45 cha wanamaji wa kifalme walishushwa kwa helikopta kutoka meli ya Centaur hadi Colito. Kwa muda mfupi tu maasi yalikwisha. Wanamaji hao walikuwa wamepita katika mojawapo ya machujio magumu zaidi duniani, ambalo sehemu yake ya mwisho ni mwendo wa maili 30 katika nyika ya Dartmoor kwa saa nane. Dar es Salaam ya vyama vya Marini ilikuwa sasa imewaona marini wenyewe. (Wazee wa beni waliokuwa hai siku hiyo, nadhani, waliuona utani huo kabla yetu.) Lakini isidhaniwe kwamba Colito ilishindwa kwa sababu mafunzo yake yalikuwa mepesi. Askari wa KAR walikuwa wagumu. Walichokosa ni ofisa wao wenyewe na lugha ya kudai, na hayo hayapatikani kwa kukimbia milima.

Mwalimu Nyerere aliliona tukio hilo kuwa fedheha kwa taifa, akalivunja jeshi zima. Kikosi cha Nigeria kikashika zamu kwa miezi michache, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania chini ya Brigedia Mrisho Sarakikya. Kambi ya Colito ikawa Lugalo, mahali pa Uhehe ambapo Mkwawa aliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Lango likabadilishwa. Kigezo cha kabila na kifua kikaondoshwa, kikawekwa kigezo cha siasa: askari wapya walitafutwa miongoni mwa vijana wa TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 1963. Walimu wa mafunzo walikuwa wa mataifa mbalimbali. Waisraeli walishauri mwanzo wa JKT, Wakanada walikuja mwaka 1965 na kukaa hadi 1970, na Wachina walikuwapo. Naona kwamba mchanganyiko huo ni sababu mojawapo kubwa ya Kiswahili kushika kwata. Kuruta hakuweza kufundishwa kusimama kwa Kiingereza cha Kanada leo na kwa Kichina kesho.

Kisha lango likafunguliwa kwa kulazimisha, na waliosukumwa kupita humo kwanza walikuwa wasomi. Sheria ya mwaka 1966 iliwataka wahitimu watumikie taifa miaka miwili, sehemu ya kwanza wakiwa kambini na iliyobaki wakiwa kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, waliokuwa wamevaa majoho, waliandamana hadi Ikulu kupinga. Zaidi ya mia tatu walifukuzwa siku hiyohiyo, na Mwalimu akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirejeshwa mwaka uliofuata. Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kama ugomvi wa mishahara. Kwa mtazamo wa mhadhara huu kilikuwa pia ugomvi wa kiambishi -ni. Msomi alikuwa amezoea kuitwa kwa jina na kujibu kwa hoja, na sasa aliambiwa asimame mstari mmoja na kijana asiyejua kusoma, waambiwe wote wawili "geuka". Ndiyo hasa iliyokuwa nia ya JKT. Kufyeka, kukimbia usiku, kula ugali na maharage pamoja, na kuimba pamoja, yote yalikusudiwa kufuta tofauti. Mtu wa tabaka la juu alikuwa na mengi zaidi ya kufutiwa, na haishangazi kwamba ndiye aliyelia zaidi.

Jirani zetu wa Uganda wanatuonyesha kwamba lugha ile ile ya kwata ingeweza kuwa na hatima nyingine. Huko Kiswahili kilibaki lugha ya askari wakati raia wengi wa kusini hawakukizungumza. Idi Amin, aliyeingia KAR mwaka 1946, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na utawala wake ukakifanya kinuke bunduki na uporaji. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na waliokitetea walikuwa bado wanapambana na kumbukumbu ya vizuizi vya barabarani.

Hapa kwetu kwata ilikwenda kwa raia. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, uliotolewa miezi michache baada ya Wareno kuishambulia Guinea na wiki chache baada ya Amin kumpindua Obote, uliagiza kuwe na mgambo wa wananchi. Mgambo wakafunzwa mitaani na maofisini, na mchakamchaka ukaingia mashuleni. Katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979 raia hao walipelekwa mstari wa mbele pamoja na wanajeshi. Naamini kwamba hicho ndicho kipindi pekee katika historia yetu ambacho lango lilikuwa wazi kabisa. Mchakamchaka wenyewe ni utanzu unaostahili tasnifu: mmoja huanzisha, wengi huitikia, na miguu ndiyo ngoma. Ni beni iliyorudi kwa mlango mwingine.

Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Upo pia mkondo wa kujitolea, na huo ndio unaogusa Vingunguti. Katika kata hii ya machinjio, karakana na vibarua, pembezoni mwa barabara iendayo uwanja wa ndege, kijana wa kidato cha nne huona katika JKT njia ya kufika jeshini, polisi au magereza, kwa kuwa vyombo hivyo hupendelea waliopita huko. Ugumu wa kambi haumtishi. Amebeba magunia tangu utoto, na kukimbia alfajiri ni jambo alilolifanya shuleni. Kinachomsumbua ni karatasi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule chenye alama zinazotakiwa, na baadaye cheti cha JKT chenyewe. Akishakipata hicho cha mwisho bado hana hakika ya ajira, kwani nafasi ni chache kuliko wahitimu. Kigezo cha kifua kilikwisha, na cha kadi ya chama kikafifia. Sasa anayekaa langoni ni karani.

Kuna chujio moja la kweli ambalo raia hulitazama kwa mbali. Katika sherehe za kitaifa makomandoo wa JWTZ huonyesha umahiri wao uwanjani, na watoto hurudi mitaani wakivunjia vigae vichwani mwa wenzao. "Komandoo" nalo ni neno lenye safari: Makaburu walilitumia kwa vikosi vyao vya wapanda farasi, na Waingereza waliopigwa navyo katika vita vya 1899 hadi 1902 wakaliazima mwaka 1940 kwa askari wao wateule. Mitaani kwetu limekwisha kupata maana ya mtu yeyote asiyeshindwa na dhiki, awe mama ntilie au mpiga debe. Kamusi zetu hazijaiingiza maana hiyo. "Kuruta" nalo mitaani ni mgeni wa kazi yoyote, "afande" ni ombi la kusamehewa, na "mguu sawa" anaambiwa hata mtu aliyetakiwa tu kuwa tayari kwa safari. Mkusanyaji wa msamiati atakayekwenda Vingunguti na daftari lake atarudi na maneno mengi ya namna hiyo, na mengi atakuwa ameyapata kwa vijana waliosimama mstarini wakasajiliwa, kisha wakaambiwa warudi nyumbani.